Mwari na Makungwi Wake

SOMO: Mtoto wa kike akivunja ungo, mtu wa kwanza kupewa habari si mama yake wala si baba yake, ni somo wake, na ada hii, ambayo nyinyi mliosoma mmeiita ya gizani, ilikuwa na hikima yake, kwa kuwa mama humwonea haya bintiye na binti humwonea haya mamaye, ilhali somo, ambaye hakumzaa wala hatamrithi, anaweza kumwambia kila jambo kwa jina lake bila ya kuangalia chini. Mimi nimewaweka ndani wari wengi hapa Pangani. Nimewafundisha kukata kitambaa, kukikunja, kukifua na kukianika pasipoonwa na mwanamume. Nimewasinga kwa liwa. Nimewaeleza siku za shanga nyekundu na siku za shanga nyeupe. Nimewapigia msondo na kuwatoa nje wakiwa wanaijua miili yao. Sasa nasailiwa nimewadhulumu nini. Nami nasaili: tangu mlipowachukua wari hawa mkawatia skuli, nani amewafunda?

MWALIMU: Bibi, kwa taadhima zote, katika hayo uliyoyataja sina la kukanusha, lakini umeyataja mafunzo na hukuutaja mlango wa kutokea. Mwari huyo, baada ya kusingwa na kufundwa na kuimbiwa, alitoka akaenda wapi? Alikwenda kwa mume. Hapakuwa na mlango wa pili. Kila alichofundishwa, hata namna ya kupika na kutembea na kunyamaza, kilikuwa ni maandalizi ya kupokewa na mtu ambaye aghalabu hakumchagua yeye, na kama angetaka kujua jambo lisilomfaa mtu huyo ilimlazimu kuliiba. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 katika nyumba isiyokosa kitu, alifundishwa kuisoma Kurani lakini kuandika hakufundishwa, kwa kuwa kalamu mkononi mwa mwanamke ilihesabiwa kuwa fedheha. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kitabu alichokuja kukichapisha Ujerumani mwaka 1886 mwanzo wake ni mfupa ule. Binti wa Sultani, Bibi, aliiba herufi. Seuze binti wa mvuvi?

SOMO: Umekwenda Unguja, Mwalimu, ukairuka Siyu. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa huko Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia ambao hata leo mnausoma madarasani kwenu. Hakuiba kalamu ya mtu, wala hakungoja Mzungu amfungulie skuli. Skuli ya Serikali ya wasichana kule Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa wakati huo utendi wa bibi yule ulikuwa na umri wa mzee mwenye vitukuu. Kwa hiyo usinihadithie habari za wanawake wa pwani kana kwamba walikuwa vipofu mpaka mlipokuja nyinyi na chaki.

MWALIMU: Utendi huo naufundisha, na kila nikiufundisha hunihuzunisha, si kwa udhaifu wake bali kwa uzuri wake. Huyu ni mwanamke mwenye akili pevu na ulimi uliotiwa kipimo. Na alipopata nafasi ya kumwachia mwanawe neno la mwisho, baada ya kumkumbusha haki ya Mungu na ya Mtume na ya wazazi, sehemu kubwa alimwachia namna ya kumridhisha mume.

SOMO: Alimwachia kitu alichoona kitamlinda. Wewe ukimfundisha mwanao kuogelea, hukai kwanza ukamchagulia bahari.

MAMA NTILIE: Niwieni radhi, maana mimi sikusoma tendi hizo wala sikuwahi kuwekwa ndani; nilikuwa kati yenu nyinyi wawili, nikadondoka papo hapo katikati. Mama yangu aliamini kwamba mambo ya mwili nitafundishwa shuleni, kwa kuwa ndiko alikopeleka ada na sare na ndoo ya mahindi. Na shuleni waliamini kwamba mambo hayo nimekwisha kufundishwa nyumbani, kwa kuwa ndiko watokako mabinti wenye adabu. Habari za uzazi nilizozipata darasani zilikuwa ni za ua: chavua ikipeperushwa na upepo, ikatua, likatokea tunda, na hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Kila muhula tulipangwa mstari, tukapewa kikopo, tukaingia chooni mmoja mmoja, kisha mama mmoja aliyekuja na koti jeupe akatuminya matumbo kwa vidole vya baridi. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha pili na miaka 16, mstari ulipokwisha nilibaki nimesimama peke yangu. Barua niliyopewa nimpelekee mama yangu ilisema kwamba nimetenda kosa la maadili, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002. Mwenye mimba yake alikuwa kondakta wa daladala. Yeye alihamia ruti nyingine.

MWALIMU: Nakujua wewe ni nani katika mstari ule, ingawa hukupita katika shule yangu, kwa sababu kwetu nako daftari la mahudhurio nilikuwa nalishika mimi, na jina la msichana aliyefukuzwa hupigwa mstari kwa wino mwekundu, na mkono uliopiga mistari hiyo ni huu. Sitajificha nyuma ya kanuni. Lakini na nyinyi mnihurumie kidogo, kwani nimekuwa nikiketi na wazazi ofisini, mtu ameuza mbuzi wake wawili ili mwanawe asome, naye ananiambia kwa sauti ya chini: Mwalimu, aliyezaa akirejea akaketi dawati moja na mwanangu, mwanangu atajifunza nini? Mzazi huyu si mshenzi. Anaogopa, na khofu yake ina mbuzi wawili ndani yake. Rais Magufuli aliposema kule Chalinze, mwezi wa Juni 2017, kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shuleni, walipiga makofi watu wengi ambao hawakuwa na chuki na mtoto wa mtu.

MAMA NTILIE: Mtoto haigi mimba kama aigavyo msuko wa nywele, Mwalimu. Wenzangu waliyajua yaliyonipata, waliona nikitolewa na begi langu kichwani, wakaogopa sana. Na mwaka uliofuata walitolewa wengine watatu. Ikiwa kufukuzwa kwangu kulikuwa ni somo, basi nani alifaulu?

MWALIMU: Hakuna aliyefaulu. Ndiyo maana ulipotoka ule waraka wa Novemba 2021, wa kuwaruhusu kurudi waliokatiza masomo, mimi niliusoma mara mbili nikiwa nimesimama.

MAMA NTILIE: Nami niliusikia redioni nikiwa napepeta mchele. Mwanangu alikuwa na miaka saba, anakwenda darasa la kwanza. Ningerudi vipi? Tuvae sare wote wawili?

SOMO: Haya ndiyo niliyokuwa nikiyangoja yatamkwe na kinywa kisicho changu. Unyago hauna barua ya kufukuzia. Mwari wangu hata akiharibikiwa ni mwari wangu. Nitamgombeza, nitamtia aibu faraghani mpaka alie, kisha nitaketi kitako na kumkanda mgongo siku ya kujifungua. Skuli yenu inampenda msichana maadam mwili wake haujaonekana kuwa ni mwili.

MUUGUZI: Bibi, nakuamkia tena shikamoo, maana nitakayosema yana ukali na sipendi yakufikie bila ya heshima mbele yake. Unapotaja mila, mgongo wangu unasisimka. Mimi nimezaliwa Tarime. Mwaka niliotimiza miaka 13, ulipofika mwezi wa Desemba na shule zimefungwa, nilianza kulishwa vizuri kuliko kawaida, shangazi yangu akaninunulia kanga mbili na kunisuka mwenyewe kwa mikono yake, na dada yangu mkubwa akaninong'oneza kwamba ngariba amekwisha lipwa. Kaka yangu alikuwa anataka kuoa, ng'ombe wa kuolea hawakuwepo, na msichana aliyekeketwa alikuwa akiwaleta zaidi. Sheria ya mwaka 1998 ilikuwapo, inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Lakini sheria ilikuwa Dodoma na ngariba alikuwa mtaa wa pili. Nilitoroka usiku, nikahifadhiwa na watu wasionijua mpaka shule zilipofunguliwa. Nataka mnielewe hapa: walionitafuta kwa tochi usiku ule hawakuwa watu waovu. Shangazi yangu alinipenda, na mpaka anakufa aliamini kwamba nilimkimbilia adui nikamwacha rafiki. Kwake, bila ya kisu kile sikuwa nimekuwa mtu.

SOMO: Usinichanganye na ngariba! Nimekaa hapa kwa upole nikasikiliza, lakini hilo sitalistahimili. Katika unyago wetu wa mwambao hamna kisu. Mimi katika maisha yangu sikumwaga tone la damu ya mwana wa mtu. Damu niliyoikuta ilikuwa imekuja yenyewe kwa amri ya Muumba, nami nilichofanya ni kumwambia mtoto asiogope.

MUUGUZI: Kisu hakimo, nakubali, na tofauti hiyo si ndogo, kwangu mimi ni tofauti ya uhai. Lakini tazama, Bibi, neno wanaloshirikiana kungwi wenu na ngariba wetu. Wote wawili wanasema kwamba msichana akiachwa kama alivyo hajatimia, na kwamba lazima watu wazima wamshike, wamfungie, wamtendee jambo, ndipo aitwe mwanamke. Na jambo hilo, liwe la kisu au la liwa na udi, mwisho wake linapimwa kwa jicho la mtu ambaye hayumo chumbani. Mvulana huachwa akue kama mkorosho. Msichana hukuzwa kama bonsai... samahani, neno hilo nimelipata kwenye duka la maua mjini. Ni mti unaopogolewa na kufungwa waya ili ubaki mdogo na wenye kupendeza mezani.

SOMO: Nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi habari ambayo haimo katika vitabu, kwa sababu walioviandika walikuja kutazama ngoma, wakaondoka ngoma ilipokwisha. Kazi ya somo haimaliziki mwari anapotolewa. Akiolewa, ninaingia naye fungate. Akigombana na mumewe, haji mama yake, ninakwenda mimi. Na mume yule, hata awe mkubwa namna gani, ananiamkia na kunipa kiti, kwa sababu anajua kwamba siri ya nyumba yake imo kifuani mwangu. Nimeingia nyumba tatu katika umri wangu, nikamkuta mwari wangu ana uso uliovimba, nikamshika mkono nikatoka naye mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kunifuata. Siku hizi naambiwa katika kituo cha polisi kuna dawati la jinsia. Mimi nilikuwa dawati hilo, na nilikuwa wazi usiku.

MUUGUZI: Hapo, Bibi, sina jibu. Katika wodi yetu huletwa wanawake ambao laiti wangekuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo.

MWALIMU: Mimi ninalo swali. Hao watatu uliowatoa, walikuwa na umri gani ulipowaingiza?

SOMO: Walikuwa wamevunja ungo.

MWALIMU: Huo si umri, Bibi, hiyo ni dalili ya mwili, nayo humjia mtoto wa miaka 11 ambaye bado anacheza rede na wenzake. Hapa ndipo mila na Serikali, ambazo hugombana katika mambo yote, zimepatana vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa mwanamume kuwa ni miaka 18, na wa msichana kuwa ni 15 kwa idhini ya wazazi, au hata 14 mahakama ikiridhia. Rebeca Gyumi akalipeleka jambo hilo mbele ya Mahakama Kuu; mwaka 2016 mahakama ikasema kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile ile, na mwaka mmoja uliotolewa ulikuwa umekwenda zamani bila ya kifungu kuguswa.

SOMO: Mwanangu, umri wa karatasi nao una udanganyifu wake. Msichana wa miaka 15 asiye na shule ya kwenda, baba kafariki, mama hawezi, nyumba haina mlango wa kufunga, na nje pana wanaume wa kila aina. Unaniambia nimwachie hivyo miaka mitatu mpaka karatasi iseme ndiyo? Ndoa wakati mwingine ilikuwa ni kitasa.

MAMA NTILIE: Kitasa hicho nimeonyeshwa, Bibi. Barua ilipofika nyumbani, wajomba walikaa kikao, wakaazimia wamtafute yule kondakta anioe, ili aibu ifunikwe. Na wangempata, sheria ya 1971 isingewazuia, kwa kuwa nilikuwa nimepita 15. Kanuni za shule nazo, kama mlikuwa hamjui, zilimwondoa vilevile msichana aliyeolewa. Kwa hivyo hesabuni pamoja nami. Nikiwa na mimba bila ya ndoa nimefukuzwa; nikiwa na ndoa bila ya mimba ningefukuzwa; na yule kondakta angekuwa yeye ndiye mwanafunzi, angezaa na kurudi darasani kumalizia hesabu zake. Mwaka 2016 ikatungwa adhabu ya miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Ni vyema. Lakini nani atakwenda mahakamani kumtaja baba wa mwanawe, wakati ndugu za baba huyo wamekwisha kuleta gunia la mchele na shilingi laki mbili, na mchele ule umo jikoni unachemka?

MUUGUZI: Hata wodini hatuambiwi jina. Tunaambiwa, alikuwa msafiri.

MWALIMU: Sasa na mimi nikiri jambo linalonichekesha na kunikera. Sheria inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mji unamfunda akiwa na miaka 29. Nimealikwa kichen pati mwezi uliopita. Bibi harusi ni mhasibu wa benki, ameketi juu ya mkeka na uso umefunikwa, na kungwi aliyekodishwa, akiwa na kipaza sauti, anamweleza namna ya kupokea mfuko mumewe atokapo kazini. Wanawake mia mbili kwenye viti vya plastiki wanashangilia. Mhasibu yule alikuwa anatoka kazini saa mbili baada ya mumewe.

SOMO: Kungwi huyo pengine alikuwa mimi.

MWALIMU: Bibi, sikukusudia...

SOMO: Usiombe radhi. Nakwenda, nalipwa, na nauli naletewa. Nyumba yangu inavuja na mabati yamepanda bei. Lakini ngoja nikwambie linalonikereketa mimi, maana wewe limekukera la mfuko. Mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa mafumbo, mlango umefungwa, kwa mtoto mmoja au wawili, yakingojewa mpaka yaeleweke, leo nayapigia kelele ukumbini mbele ya watu wanaokula biriani, kwa mwanamke ambaye chini ya ule mtandio ananicheka kwa sababu yote anayajua. Aliyepaswa kuambiwa ni mdogo wake wa miaka 12. Naye nilimwona siku hiyo: alikuwa mlangoni, amezuiliwa asiingie, kwa kuwa mambo ya ndani hayafai watoto.

MWANDISHI: Nawaomba idhini ya neno moja, mimi ninayeandika haya, ingawa sikualikwa kusema. Wavulana wa mwambao nao walikuwa na jando lao. Walikaa kumbini wiki nyingi, wakifundishwa na wazee wao pamoja na tohara. Mimi nilipelekwa hospitali asubuhi, nikatahiriwa, nikanunuliwa soda ya machungwa, na saa saba nilikuwa nyumbani. Kisu kilihamia hospitali na maneno yakabaki porini. Hakuna mtu yeyote, tangu siku hiyo mpaka siku ya kuoa kwangu, aliyekaa nami akaniambia mwanamke ni nani.

SOMO: Tumekuoneni tangu zamani kwamba hamkuambiwa. Andika tu, mwanangu.

MWANAFUNZI: Nimekuwa nikihesabu. Kila mmoja amesema msichana huyu, binti huyu, mwari huyu. Na mwari mwenyewe nimekaa hapa nina miaka 20, nasoma chuo kikuu Dar es Salaam, na hakuna aliyenigeukia. Mwalimu ananitaka nifaulu, Bibi ananitaka nisitiriwe, Dada Muuguzi ananitaka nibaki mzima. Yote nayataka. Lakini mnanizungumza kama mzigo unaopita mikono mingi, kila mkono ukijisifu kwamba mwenzake ndiye aliyeuangusha.

MWALIMU: Basi sema wewe. Wewe ulifundwa na nani?

MWANAFUNZI: Watu wanadhani nitasema simu. Kweli, simu imenifundisha mengi, na nusu yake ni uwongo: imenifundisha majina ya viungo vyangu kwa usahihi kuliko Mwalimu, kisha ikanifundisha kuvichukia kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kila siku humo nilipimwa rangi na kiuno na watu nisiowajua, na siku moja nilipotia picha yangu nimevaa gauni la kawaida la harusi ya binamu yangu, wanaume wenye umri wa baba yangu waliniandikia mambo ambayo nisingeweza kumwonyesha baba yangu. Bibi alianika kitambaa pasipoonwa na mwanamume. Mimi sina mahali pasipoonwa.

MUUGUZI: Na taulo ulizipata? Nauliza kwa sababu wengine wetu huko vijijini tulikuwa tunakosa masomo siku nne kila mwezi.

MWANAFUNZI: Kwetu fedha zilikuwapo, kwa hivyo nilizipata. Nakumbuka mwaka 2018 Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mama yangu alifurahi. Bei dukani ikabaki pale pale, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa kwa hoja kwamba bei haikushuka. Mwenye duka alikula, tukaadhibiwa sisi. Lakini siku yangu ya kwanza ya kufundwa, Mwalimu, maana ndilo uliloniuliza, haikuwa ya taulo. Nilikuwa na miaka 12. Mama alikuwa kazini, baba alikuwa safarini, na mimi niliingia mwezini saa tisa alasiri nikidhani nimepasuka tumboni. Nilijifungia bafuni nikalia. Aliyegonga mlango ni dada wa kazi. Alitoa kipande cha kanga yake, akakikunja mara nne mbele yangu, akanionyesha, akaniambia si ugonjwa, akanichemshia maji, akafua nguo zangu kabla mama hajarudi, na usiku akalala chini pembeni ya kitanda changu kwa kuwa niliogopa.

SOMO: Alikikunja mara nne?

MWANAFUNZI: Mara nne, kisha akaupindisha ukingo kwa ndani.

SOMO: Huyo alifundwa.

MWANAFUNZI: Alikuwa na miaka 15, Bibi. Aliletwa kwetu kutoka kijijini alipomaliza darasa la saba, kwa sababu nyumbani kwao palikuwa na ada ya mtoto mmoja tu na mtoto huyo alikuwa wa kiume. Akiniona nafanya kazi za shule, alikuwa akisimama nyuma yangu na kitambaa cha vumbi mkononi, anasoma juu ya bega langu. Mimi nilimwambia mara moja ananizuilia mwanga.

MAMA NTILIE: Yuko wapi sasa?

MWANAFUNZI: Aliondoka nikiwa kidato cha kwanza. Mama alisema amepata mimba, akampa nauli. Nilikuwa shuleni, niliporudi nilikuta godoro lake limekunjwa.

MUUGUZI: Kwao ni wapi?

MWANAFUNZI: Upande wa Lushoto, nadhani. Alikuwa akisema kwao kuna baridi.

SOMO: Huyo ndiye somo wako, mjukuu wangu, na somo hadai kitu ila jina lake litajwe siku mwari anapotolewa. Alikuwa akiitwa nani?

MWANAFUNZI: Tulikuwa tukimwita Dada.